Mwatiko Chini ya Makucha

Bi Mwanaisha alipotoka eda aliniletea salamu niende kwake Shella, Malindi, nikale chakula cha mchana, na kama bado najua Karisa, mwenzangu wa karakana, anakoishi, niende naye. Nilishangaa. Mumewe, Fundi Athmani, ndiye aliyenifunza kazi, lakini tangu nilipoiacha karakana yake tulikuwa tukisalimiana njiani tu, yeye akitazama viatu vyangu. Mazikoni kwake sikwenda. Nilituma mchele na mbuzi, maana ubaya wa mtu haumwondolei mwenzake adabu, nikabaki kwangu Kikambala nikimalizia geti la mteja. Lakini mwito wa mjane haukataliwi, kwa hivyo nilipanda hadi Kaloleni kumchukua Karisa, nikamkuta amekwisha kuvaa shati jeupe, gongo lake kwapani, ananingoja mlangoni. Nilimuuliza haraka yote hiyo ya nini. "Dada Rukia," akasema, "mimi nataka niingie nyumba ile chumba kwa chumba. Nataka kuhakikisha hayumo."

Chumba cha Bi Mwanaisha kilikuwa kisafi na chenye joto la tanuri. Madirisha yote wazi, pazia halitikisiki, na darini, katikati kabisa, palikuwa na kulabu ya feni bila feni. Mkeka ulitandikwa, sinia likaletwa. Karisa hawezi kukaa mkekani kwa sababu nyonga yake haikunji, akaletewa kiti cha jikoni, akapakata sahani yake mapajani akatutazama kutoka juu kama msimamizi wa mtihani. Ilikuwa pilau ya nyama, kachumbari na ndizi mbivu. Karisa aliupekua wali wake kwa kijiko, akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Leo hakuna miiba." Nilicheka mpaka nikapaliwa, na Bi Mwanaisha, masikini, akanipa maji akidhani ni pilipili. Hakujua tunacheka nini. Katika mwaka ule ninaoukusudia hakufika karakanani hata siku moja, na yaliyotendeka pale hayakuwa mambo ambayo mume humhadithia mkewe.

Mimi niliingia karakana ile kupika. Ilikuwa nyuma ya mji wa Malindi, upande wa kwendea Mambrui, ua mkubwa wa mchanga uliokuwa mweusi kwa kutu na mafuta, banda la mabati, stoo yenye kufuli, na jiko langu la kuni lililotenganishwa na meza ya kuchomelea kwa ukuta wa makuti. Ukuta wa makuti hauzuii neno. Nilikuwa nikimenya vitunguu huku nasikia vipimo, matusi, na watu wakisengenyana kwa zamu. Fundi Athmani alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzuri ya kusomea maulidi na ulimi wa kuchinjia. Kila mtu alimpa jina kutokana na aibu yake. Mutua, dereva wa trekta aliyekuja kutoka bara kutafuta kazi, alimwita Maji, kwa kuwa siku ya kwanza alipoiona bahari alirudi nyuma. Mimi aliniita Makaa, kwa rangi yangu, na wakati wa chakula aliuliza watu wote wakisikia, "Makaa, chumvi uliitia au uliionyesha tu?" Watu walicheka, nami nilicheka nao, kwa sababu asiyecheka alipata jina la pili. Karisa peke yake hakucheka alipotukanwa. Yeye alicheka Athmani alipokosea, na hilo ndilo lililomponza.

Kazi iliyompa Athmani jina ilikuwa makucha ya trekta. Mashamba ya mkonge ya upande wa Kilifi yalikuwa yakisafishwa. Mkonge ukishatoa mlingoti wake wa maua umekwisha, hubaki kigogo kizito chenye mizizi iliyoyashika mawe, na watu walikuwa wakiving'oa vigogo hivyo kwa majembe na kurudi nyumbani na miiba vifuani. Yaliletwa makucha kutoka ng'ambo, mazuri, yamepakwa rangi, ya kufungwa mbele ya trekta ili yakamate na kunyanyua. Yalivunjika upesi. Yalitengenezwa kwa ajili ya ardhi yenye huruma. Kwetu udongo ni shubiri moja, chini yake ni mwamba wa matumbawe. Ukucha mmoja ukinasa mwambani na trekta ingali inavuta, uzito wote unahamia upande mmoja, na mkono unasokotwa kama shuka inayokamuliwa. Athmani aliyanunua yaliyovunjika, akayapanga uani, akawa anayazunguka kila asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, akitafuta ufa ulianzia wapi. Ulianzia penye kona, kila mara. Basi kona zote za mikono ya makucha yake alizifanya za mviringo. Mikono miwili aliiunganisha kwa bomba nene, ili mmoja ukinaswa mwenzake ubebe. Alitukataza kuchomelea kwa kukata mkono upande kwa upande, akasema mshono wa namna hiyo ni kumwonyesha adui mahali pa kupasulia, na akatufunza kuukimbiza mshono kwa urefu. Kucha zenyewe alizikata katika springi za malori, chuma kinachopinda na kurudi. Sijapata kumwona mtu aliyekielewa chuma kama yeye, na kila ninachokijua leo nilikipata kwake, nami nilimchukia tangu wiki ya kwanza.

Kulikuwa na jambo moja katika kazi yake lililonishangaza. Pini zilizoshikilia kucha alizifanya laini makusudi, za chuma dhaifu kuliko vyote. Nilimuuliza siku moja nilipompelekea chai kwa nini atie kitu dhaifu kwenye kazi ya nguvu. Alipenda kuulizwa. "Chuma chochote kikizidiwa kitakatika mahali," akasema. "Fundi mjinga humwachia Mungu apachague. Fundi hasa hupachagua mwenyewe. Nataka ikatike pini, kitu cha kubadilisha saa ile ile, mkono wangu ubaki." Kisha akamtazama Karisa, aliyekuwa amejiinamia na kioo cheusi usoni, akaongeza kwa sauti ya kusikika, "Hata watu ni hivyo. Karakana isiyokuwa na wa kuvunjwa, huvunjika yote." Karisa hakuinua uso. Cheche zake zilizidi kidogo tu.

Sasa nieleze desturi ya pale, maana bila hiyo hapana hadithi. Makucha yakishakamilika, mnunuzi aliitwa siku ya kuyajaribu. Trekta ilinyanyua furushi la reli kuukuu hadi juu ya kimo cha mtu, injini ikazimwa, ijulikane kuwa chuma kinabeba chenyewe. Chini ya mzigo ule ukatandikwa mkeka. Aliyeichomelea mikono akaketi juu ya mkeka, akaletewa sahani, akala. Haruhusiwi kuinuka mpaka amalize. Akiinuka kabla, mikono inakatwa kwa moto mbele ya mnunuzi na yeye anakwenda zake siku ile ile. Athmani mwenyewe ndiye aliyemtandikia mtu mkeka, na alipokuwa akiunyoosha ncha zake alipenda kusema, "Mla nawe hafi nawe," halafu akarudi kivulini. Wanunuzi walikuja na rafiki zao, kwa kuwa ilikuwa tamasha. Na mimi ndiye niliyepika. Aliyekuwa anampendeza Athmani alipata mkate wa mofa na mchuzi wa kuchovya, mambo ya kumeza na kuondoka. Aliyemchukiza, nililetewa mwatiko nimpikie. Mwatiko ni samaki mtamu, mnene, wa mabwawa ya huko kwenye mikoko, lakini miiba yake ni midogo kama nywele, imegawanyika ncha, nayo imejificha ndani ya nyama yote. Haliki upesi, na anayemla kwa pupa humaliza siku akimeza matonge makavu ya ugali. Nikiona mwatiko kikapuni nilijua bila kuambiwa nani amekosea wiki ile. Alikuwa Karisa karibu kila mara.

Karisa alimla mwatiko huyo kwa madaha. Alikuwa mwenye majisifu, hilo lazima niliseme, mtu wa kukwambia kuwa mshono wake unaweza kuuvaa harusini. Chini ya mzigo alikaa kama bwana harusi, akitoa mwiba mmoja mmoja na kuupanga ukingoni mwa sahani, akisema na wanunuzi. "Huyu ni samaki wa watu wenye nafasi," alikuwa akiwaambia. "Mwenye haraka hamjui utamu wake." Ijumaa, Athmani alipokwenda kuswali na wengine, karakana ilibaki na Karisa, ambaye ni Mkristo, Mutua, ambaye hakuwa na dini inayojulikana, na mimi. Ndipo Karisa aliponipa kioo na glavu za ngozi. "Wewe jiko umelijua," akasema. "Moto ni moto." Alinifunza kuusikiliza mshono: ukichoma vizuri unalia kama mafuta ya kukaangia, ukikosea unatema. Alinitukana pia, lakini alitukana kazi, hakunitukana mimi. Mtu akikutukania kazi, unajua la kurekebisha. Athmani alipokuja kuniona siku moja nachomelea aliusimamia mshono wangu kwa muda mrefu, akaukwaruza kwa ukucha wake, asipate kasoro. "Makaa naye!" akasema mwisho, akaenda zake. Tangu siku ile nilipika asubuhi na kuchomelea mchana, kwa ujira wa mpishi.

Kisha likaja agizo kubwa. Msimamizi wa shamba moja la mkonge alitaka makucha mapana kuliko yote tuliyowahi kutengeneza, yenye mikono mirefu, ya kunyanyua vigogo viwili viwili. Athmani alimpa Karisa mkono wa kulia, na mimi akanipa wa kushoto, kwa sababu muda ulikuwa mfupi na mchomeleaji wake mwingine alikuwa amekwisha kukimbia. Silinda za mafuta, zile zinazonyanyua mikono, alizishughulikia mwenyewe kama kawaida. Alizitoa kwenye mashine za kuchimbia zilizokufa, akajifungia nazo stoo, akabadilisha mipira ya ndani inayozuia mafuta yasivuje, na hakumruhusu mtu kuona. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya kwa mikono yake miaka ile, na hakuwahi kukaa chini yake. Hakuna aliyeuliza. Mimi niliuliza jambo jingine. Nilimwambia kuwa mkono wa kushoto ni wangu, kwa hiyo siku ya kujaribu nitakaa na Karisa. Nilitaka sana. Aliyekula chini ya makucha aliitwa fundi, na aliyekuwa hajala aliitwa kwa jina alilompa Athmani. Akacheka. "Mwanamke akae chini ya kucha, watu watasema nimekosa wanaume? Karisa atakula kwa mikono yote miwili." Nilirudi jikoni kwa hasira nikaanza kupasua kuni. Karisa alinifuata, akasimama nyuma ya makuti akisema kama mtu anayezungumza na ukuta. "Nitakula chini ya mkono wako, dada. Nimeuona mshono wako. Usitie chumvi nyingi tu."

Asubuhi ya siku ile nilisikia kupitia makuti Athmani akimwambia Mutua, "Huyu leo nataka ale polepole. Nataka mgeni aone." Mutua akajibu kwa Kiswahili chake cha bara, "Lakini boss, hiyo silinda ya kushoto nimeona ikitoa mafuta kidogo." Athmani akamwambia, "Maji, wewe endesha." Kikapuni mlikuwa na mwatiko mmoja, mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona. Nilimpaka ukwaju na kitunguu saumu, nikamchoma mzima mzima, na nikamtia chumvi kidogo.

Reli zilinyanyuliwa, injini ikazimwa, mkeka ukatandikwa. Karisa akaketi, akavua kofia, akamkaribisha msimamizi kwa mkono. Mimi nilisimama na birika la maji ya kunawa, karibu kuliko wote, na macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa kushoto, kwenye mshono wangu. Haukutikisika. Karisa alikuwa amekula upande mmoja wa samaki nilipoona kuwa kivuli cha reli kimeusogelea mguu wake. Nilitazama juu. Mshono ulikuwa mzima, kona zilikuwa nzima, na mzigo ulikuwa unashuka. Ulishuka taratibu, kama mtu anayeinama kusikiliza, na kwenye shina la silinda palikuwa na mafuta yanang'aa. Silinda zile mbili zililishwa na bomba moja, ikivuja moja zimevuja zote. Nikasema, "Karisa, yashuka." Akasema, "Nayaona," bila kuacha kutafuna. Nikamwambia ainuke. Akautema mwiba kiganjani, akaupanga mahali pake, akanijibu kwa sauti ya chini sana, "Nikiinuka watasema ni mkono wako."

Na ni kweli, wangesema hivyo. Mikono ingekatwa yote miwili saa ile ile, na Athmani angemwambia mgeni kuwa ni mkono wa mwanamke uliolegea, na nani angesikiliza habari za silinda. Mutua alinyoosha mkono kuwasha injini. Athmani alikuwa amekwisha kupanda ngazi ya trekta, akaung'oa ufunguo, akautia mfuko wa kanzu. "Muacheni," akasema. "Mtu yuwala." Msimamizi akacheka, na rafiki zake wakacheka. Reli zilipomfikia kichwani Karisa alijilaza kwa ubavu, kiwiko chini, akaivuta sahani, akaendelea, na wale wageni wakampigia makofi. Alikuwa amebakiza nyama ya shingoni tu. Alipoona amemaliza alitaka kujiviringisha atoke, na ndipo ncha ya ukucha ilipoingia kwenye mkanda wa suruali yake ikamshika. Sikuwahi kumsikia Karisa akipiga kelele kabla ya siku ile. Athmani alipapasa mfuko wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena. Kanzu ilikuwa na mifuko miwili tu. Injini iliposhika, nyonga ilikuwa imekwisha kulia, sauti kavu ya kuni, nami niliisikia kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti nikimvuta kwa makwapa.

Karisa alipelekwa hospitali juu ya mlango wa stoo uliong'olewa. Vumbi la gari lilikuwa halijatua Athmani alipomshika msimamizi mkono na kumwonyesha mishono. "Umeona? Hata ufa hakuna. Mikono imebeba, na silinda ni kitu cha kubadilisha." Yule bwana akayachukua makucha, kwa sharti la silinda nyingine. Jioni ya siku ile, barazani, Athmani alieleza kuwa Karisa alikuwa amelewa mnazi, na kwa kuwa Karisa anatoka Kaloleni, kwa wagema, kila mtu aliamini. Mimi nilikiokota kichwa cha mwatiko na ile miiba iliyopangwa, nikaukunja mkeka, nikaosha sahani. Sikulia. Nilikuwa nimekwisha kufikiri, na mtu anayefikiri sana hapati nafasi ya kulia. Karisa hakurudi kazini tena. Nilikwenda kumwona wodini kila Ijumaa, saa yetu ya kufunzana, na kila mara aliniuliza jambo moja tu: mshono ulishika? Nikamwambia ulishika. Akaridhika nao, na mimi kuridhika kwake kukanichoma zaidi.

Sasa mchomeleaji niliyebaki ni mimi. Athmani hakuniita Makaa tena, aliniita Rukia, kwa sababu alinihitaji, na jina langu kinywani mwake lilinikera kuliko lile la zamani. Agizo lilipokuja tena, nilichomelea mikono yote miwili. Silinda alijifungia nazo yeye. Siku ya kujaribu ilipokaribia akaniambia, akitazama kando, kwamba sasa itabidi nikae mimi, na kuwa ataniagizia mofa na mchuzi. Nikamshukuru. Nikamwambia asijisumbue, chakula nitakileta mwenyewe. Nilikwenda sokoni nikachagua mwatiko wawili.

Walikuja wageni wengi, maana habari ya Karisa ilikuwa imeenea na watu walitaka kumwona mwanamke chini ya mzigo. Athmani alivaa kanzu mpya. Alipoinama kunitandikia mkeka akasema lile neno lake la mla nawe, nami nikamsubiri anyooke. Nikaketi. Kisha nikaweka sahani mbili, moja mbele yangu, moja upande wa pili, kila moja na mwatiko wake mzima, nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "Bwana Athmani, karibu chakula. Mikono ni yangu na silinda ni zako. Tule pamoja." Watu wa kwetu wanajua uzito wa neno hilo. Mtu amekukaribisha chakula, chakula kiko wazi, wageni wanatazama, hujafunga, hujala, na ni ua wako mwenyewe. Hakuna adabu ya kukataa. Alisema amekwisha kula. Mutua, kutoka juu ya trekta, akasema kwa upole, "Lakini boss, si ulisema huna hamu ya chai mpaka hii kazi iishe?" Mzee mmoja katika wageni akasema, "Bismillahi, Athmani, usimweke mtoto wa watu." Akaketi.

Mimi ni mtu wa Mambrui. Mwatiko nimemla tangu sijaota meno yote, na vidole vyangu vinaijua miiba yake bila macho. Nilikula upesi, bila kuinua kichwa, nikamaliza, nikanawa, nikaondoka mkekani. Ilikuwa haki yangu, nilikuwa nimemaliza. Athmani alibaki peke yake. Macho yake ya karibu yalikuwa yamekwisha kuharibika, miwani aliiacha stoo, na hakuna aliyekwenda kumletea. Alivunja kipande, akakigeuza, akakitia kinywani, akakitoa. Alitazama juu. Alipoteza mwiba ulimini, akautafuta kwa kidole mbele ya watu. Nilimsogelea kwa birika nikamuuliza, kama mwanamke mwenye malezi, "Nikuongeze?"  Samaki alikuwa bado nusu Mutua alipokohoa, na mkono wake ukagusa kijiti cha kushushia mzigo. Reli zikashuka kiganja kimoja, zikasimama. Mimi sikumwambia afanye hivyo. Lakini nilipoona uso wa Athmani nilifurahi, furaha safi kabisa, na sijaipata nyingine kama ile. Alianza kumeza bila kutafuta miiba. Machozi yalimtoka, kamasi zilimtoka, akala mpaka mkia. Alipoinuka, nyuma ya kanzu mpya palikuwa pamelowa, na haukuwa mchuzi. Hakuna aliyecheka. Waliangalia pembeni, na hilo kwa mtu kama yeye lilikuwa baya zaidi. Mkeka ule haukutandikwa tena karakanani. Mutua alirudi bara msimu ule ule, nami nikamaliza mwaka nikaondoka, nikafungua kazi yangu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyacheka, mimi na Karisa, mbele ya pilau ya mjane. Bi Mwanaisha alitungoja tutulie. Alikuwa ametuita kwa haja, na haja yenyewe ilimtoka polepole. Alisema mumewe alikuwa mtu mgumu, asiyeogopa kitu, lakini kuna mwaka mmoja, zamani, alirudi nyumbani mchana kweupe na kanzu yake mpya ameikunja chini ya kwapa, akakataa chakula, na usiku ule akakataa kulala kitandani mpaka feni ishushwe. Baadaye akataka na fremu ya chandarua iondolewe. Alilala na dari tupu juu yake, katika joto la Malindi, mpaka alipokufa. "Na mimi ndiye niliyempepea," akasema. "Kwa kipepeo cha ukindu. Kila alipogeuka aliniamsha. Mkono wangu huu wa kulia, mnauona? Haupandi juu ya bega tena. Daktari amesema umekwisha."

Karisa alikuwa ameanza kutabasamu kwenye habari ya feni. Kwenye habari ya bega tabasamu likamkauka. Mimi nilijitazama moyoni nikitafuta huruma kwa Athmani, nikaikosa, na sikuona haya. Kwa huyu mama niliipata, nyingi, na haikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Mzigo nilioutundika mimi ulikuwa umepata pa kukatikia, bega la mkewe, na pale alikuwa amepachagua Athmani, kama alivyojua kuchagua siku zote.

"Nyinyi mlifanya kazi naye," Bi Mwanaisha akasema. "Hamjui aliogopa nini? Nimeswali, nimeuliza, hakuna anayenijibu."

Nilivuta kachumbari nikajipakulia. Karisa alitazama ile kulabu darini, mdomo ukiwa bado na wali.

"Feni ile aliifunga nani?" akauliza.

"Aliifunga mwenyewe. Tulipooana."

Karisa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa ufa, akaona ulianzia mkononi mwa fundi mwenyewe.  Bi Mwanaisha akaona sahani yake iko tupu, akalivuta sinia na kumchotea tena pilau, akamnyooshea kijiko kilichojaa.

"Samahani kwa mkono wa kushoto," akasema.

Karisa akakipokea.